Kabati la zamani usilitupe, ila usilipake rangi kabla hujasoma hii

Mama yangu ana kabati la mninga alilopata akiolewa Tabora miaka ya 1980, likaja Dar kwa treni, na mwaka jana tulikuwa tumeshalitoa koridoni tunamsubiri mtu aje alibebe alipeleke anakojua mwenyewe. Vanishi ilishakuwa nyeusi, mlango mmoja umeshuka, na droo ya chini ikifika masika haifunguki hata uvute na mguu ukutani. Siku hiyo nikaligeuza nione mgongoni kukoje, nikakuta mbao pana, kavu, hazina tundu hata moja la mdudu, mbao ambazo leo ukienda Keko, kwa mafundi wa fanicha pale Dar, ukaulizia bei unashukuru unaondoka. Nikasema hili haliendi popote. Tangu nilimalize watu wananiuliza nilifanyaje, na kila anayeuliza anakuja na kitu alichosikia mahali, na kiukweli mengi ya hayo yanaharibu fanicha na mengine yanamhatarisha mtu mwenyewe, ndio maana naandika.

"Kikiwa kizito ujue ni mbao ya ukweli"

Hili karibu kila mtu analiamini na sio kweli. MDF, ile ya unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi, inafika kilo 700 mpaka 800 kwa mita moja ya ujazo, wakati mninga mkavu unacheza kwenye 600 na kitu. Yaani kabati la MDF linaweza kuwavunja mgongo watu wawili na bado likawa la unga. Cha kuangalia ni ukingo. Chomoa droo, igeuze, tazama pale ubao ulipokatwa: kama mistari ya mbao inatoka juu inapinda inaendelea mpaka kwenye ukingo, hiyo ni mbao. Kama juu kuna mistari mizuri halafu ukingoni unaona unga au maranda yaliyogandishwa, hapo ubao umevalishwa vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao, au karatasi tu.

Na usione ni jambo dogo, kwa sababu hapo ndipo kazi yote inapoamuliwa. Mbao unaweza kuipiga msasa ukarudi nayo nyuma miaka 30. Vinia za siku hizi nyingi ni kama nusu milimita, ukiweka mashine ya msasa dakika mbili tu umeshatokea upande wa pili na hakuna wa kukurudishia. Chipubodi, ile ya maranda yaliyogandishwa, ikiingia maji inavimba na haishuki tena, kwa hiyo habari ya kuiosha na ndoo ya maji na brashi sahau, futa na kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Halafu vumbi lake, jamani, vaa barakoa. Vumbi la mbao yoyote shirika la utafiti wa saratani la WHO (Shirika la Afya Duniani) lililitaja tangu 1995 kwamba linasababisha saratani kwa binadamu, na MDF juu ya hilo ina gundi yenye fomaldehaidi, kemikali yenye sumu. Wanaoumia zaidi ni mafundi wanaolivuta kila siku, lakini na wewe fanyia kazi nje, usipige msasa chumbani unakolala.

"Ukinunua rangi nzuri huna haja ya msasa"

Hili liliniponza mimi mwenyewe. Kabla ya kabati la mama nilianza na meza ya kujipambia, nayo ya mninga, nikanunua rangi nyeupe ya maji, nikaifuta vumbi meza nikapaka. Mkono wa kwanza safi, wa pili safi kabisa, nikapiga na picha. Asubuhi nimeamka naona madoa ya waridi yametoka katikati ya nyeupe kama chai iliyomwagika kwenye shuka, nikapaka mkono wa tatu yakarudi, wa nne yakarudi. Baada ya wiki mbili nikaweka kikombe, nakiinua kinaondoka na kipande cha rangi.

Yalikuwa matatizo mawili kwa mpigo. La kwanza, chini kulikuwa na vanishi ya mafuta inayong'aa, na rangi ya maji juu ya kitu kinachong'aa haina pa kushika, inakaa tu kama karatasi juu ya kioo. La pili, mninga una rangi yake ndani, ukiukata mti mbichi unatoa utomvu mwekundu kama damu, na ile rangi inapanda na maji ya rangi yako mpaka juu. Hata upake mikono kumi utaiona tu. Dawa yake ni praima, yaani rangi ya kutangulizia chini, ya kuzuia madoa, na inayofanya kazi vizuri kuliko zote ni ile yenye shelaki (aina ya utomvu) inayoyeyushwa kwa spiriti. Ukikuta ya aina hiyo hadiweya chukua, mkono mmoja au miwili, ndipo rangi.

Na hii rangi ya chaki inayosifiwa sana mtandaoni, ambayo watu wengine wanajichanganyia nyumbani kwa rangi ya maji na unga wa plasta, inashika vizuri kuliko rangi ya kawaida ni kweli, ila haizuii madoa ya mninga, na bila nta au vanishi juu yake inachafuka haraka sana kwenye mlango wa kabati unaoshikwa kila siku.

Sasa wapo wa upande wa pili, wanaokwambia upige msasa mpaka mbao ibaki uchi. Kama unataka mbao yenyewe ionekane, sawa, anza na msasa namba 80 (namba ndogo ndiyo inayokwaruza zaidi), nenda 120, 180, malizia 240, siku zote ukifuata mistari ya mbao maana ukikata katikati mikwaruzo itaonekana ukipaka vanishi. Ila kama unapaka rangi, unachotafuta ni kuondoa mng'ao tu, namba 120 kwa mkono halafu 180, uso ukishakuwa mkavu kama ubao wa shuleni inatosha. Kabla ya hapo osha mafuta ya mikono na losheni kwa sabuni, hasa kwenye vishikio, maana msasa ukipita juu ya mafuta unayasukumia ndani.

"Rangi ya zamani ni rangi tu, ikwangue"

Hapa naomba mnisikilize hasa wenye watoto. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Marekani walizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, huku kwetu zimeendelea kuuzwa miaka mingi baadaye, na WHO wanasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto inaharibu ubongo unaokua. Ikiwa imetulia kwenye kitanda haina fujo sana, shida ni ukiipiga msasa mkavu, vumbi linakaa kwenye sakafu anayotambaa mtoto na anaweka mikono mdomoni. Kwa hiyo kitanda cha mtoto cha zamani kilichopakwa rangi usichokijua historia yake, mimi nashauri usikitumie kwa mtoto kabisa. Kingine chochote ukishuku, tumia msasa wa maji, lowanisha, futa tope lake na vitambaa vya kutupa, fanya nje, watoto wawe kwa jirani, na nguo ulizovaa zifuliwe peke yake.

"Kikitikisika piga misumari"

Msumari kwenye mbao kavu ya zamani unaipasua, na baada ya miezi tundu linapanuka mtikisiko unarudi. Kitanda au stuli ya zamani ikitikisika mara nyingi mbao haina tatizo, gundi ndiyo imekufa. Fungua pale kwenye ulimi na tundu, kwangua gundi ya zamani yote mpaka uione mbao (gundi mpya haishiki juu ya gundi iliyokufa), paka gundi ya mbao, rudishia, halafu bana. Huna jiliwa, kile chuma cha kubania? Chukua tyubu ya baiskeli iliyochoka, ikate iwe mkanda, izungushe ukiivuta kwa nguvu, ifunge, acha mpaka kesho yake. Inabana vizuri na haiachi alama kwenye mbao. Droo inayogoma sugua mshumaa kwenye reli zake, ndivyo nilivyofanya ile ya mama, usikimbilie kuiranda wakati wa mvua maana kiangazi itakuja kuwa inacheza.

Na kitanda cha mtumba: kukipaka rangi hakuui kunguni. Kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula, amejificha kwenye tundu la skrubu anakusubiri. Mafuta ya taa ndio usiguse, ni moto huo unauleta chumbani na rangi haitashika. Kifungue chote nje, chaga moja moja, mwagia maji yanayochemka kwenye maungio na matundu yote, joto la nyuzi 50 na kuendelea linaua na mayai, kisha kikauke kabisa siku kadhaa ndipo uguse brashi.

"Kila cha zamani kipakwe rangi kipendeze"

Hili linaniuma. Kama kwenu kuna samadari ya bibi, kile kitanda cha kizamani, yenye miguu ya kukerezwa, tafadhali usiimwagie nyeupe kwa sababu umeona picha. Ile ni kazi ya mkono isiyorudiwa kirahisi, isafishe, ipake mafuta au nta, basi. Ukitumia mafuta ya kitani, vitambaa ulivyofutia usivikunje ukavitupa kwenye ndoo, vinajipasha moto vyenyewe vikikauka na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka viwe vikavu kama karatasi.

"Imekauka, rudisha nguo"

Kukauka kwa kugusa ni saa chache, kukomaa ni kitu kingine. Rangi ya maji inaweza kuchukua wiki mbili mpaka nne ndio iwe ngumu kweli, na kwa unyevu wa pwani mimi naenda na nne. Ukifunga milango mapema inagandana, ukifungua inang'oka. Kabati la mama, ambalo sikulipaka rangi, nililipiga vanishi mikono mitatu tu na praima sikuhitaji, lilikaa sebuleni milango wazi mwezi mzima tukilizunguka kwenda jikoni. Mama alipita siku moja akapiga goti, akavuta droo ya chini kwa kidole kimoja, akaifunga, akaivuta tena.