Ozoni haijatoboka juu ya Mwanza: maswali ya mwaloni kuhusu jua na joto

Kila ninapokwenda mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kutoa elimu ya afya, iwe Kayenze au Igombe, kuna neno moja nalikuta limeshanitangulia: "Joto hili ni kwa sababu ozoni imetoboka." Nimelisikia kwa wachuuzi wa dagaa, kwa mwalimu, na siku moja kwa mhudumu wa afya mwenzangu. Si kweli. Na kosa lenyewe lina gharama, maana anayechanganya jua na joto hujikinga na kimoja, kingine kikampiga.

Kwani si ozoni iliyotoboka ndiyo inayotuletea joto?

Hapana. Ozoni ni gesi, na tabaka lake liko juu sana, kilomita 15 hadi 35 hivi kutoka ardhini. Kazi yake ni kunyonya sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, ile wengi wanayoiita UV. Miale hiyo huioni wala huisikii mwilini kama joto. Ozoni ikipungua, kinachoongezeka ni miale ya kuunguza ngozi na macho. Bati la nyumba yako pale Igogo haliwi la moto zaidi kwa sababu hiyo.

Joto linaletwa na gesijoto, hasa kabonidayoksaidi ya mafuta, makaa ya mawe na misitu inayochomwa. Zimeifunika dunia kama blanketi ambalo kila mwaka linaongezwa unene. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze kuwekwa, takriban nyuzi 1.5 juu ya hali ya karne ya 19.

Habari ya ozoni ni nyingine kabisa. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za CFC, zilizokuwa kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, hupanda juu na klorini yake hula ozoni. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza kwamba juu ya Antaktika, bara la barafu kusini kabisa mwa dunia, ozoni inapungua vibaya kila majira ya kuchipua ya kule. Ni kule, kwa sababu baridi kali ya angani hutengeneza mawingu ya barafu yanayoichochea klorini. Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yakatia saini Mkataba wa Montreal kuzizuia gesi hizo, na ukafanya kazi. Tathmini ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa iliyokamilika 2022 inasema mkataba ukiendelea kufuatwa, ozoni itarudi ilivyokuwa mwaka 1980 ifikapo 2040 hivi sehemu nyingi za dunia, na karibu 2066 huko Antaktika. Mgonjwa huyo alipata dawa na anapona. Wa joto bado.

Kama tundu liko Antaktika, mbona jua la huku linachoma hivi?

Kwa sababu ya mahali tulipo. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, jua linatupita karibu utosini, na uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134 juu ya bahari. Tena ukanda wa Ikweta kwa asili yake una ozoni nyembamba kuliko nchi za mbali nao. Babu zetu walikuwa na jua hilihili.

Kipimo chake hakihitaji simu. Simama, tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ni mikali. Kwetu hali hiyo huanza kama saa nne asubuhi na kuisha kama saa kumi alasiri. Wingu jepesi na upepo wa ziwa hudanganya: unasikia ubaridi, miale inapita kama kawaida.

Mimi ni mweusi. Jua litanifanya nini?

Ngozi yako ina kinga nzuri, nakubali. Macho hayana kinga hiyo. Miale ikiyapiga miaka nenda rudi huchangia mtoto wa jicho, na pia kile kinyama kinachotambaa kutoka pembeni hadi kwenye mboni. Mvuvi anapigwa mara mbili, juu kutoka angani na chini kutoka kwenye maji. Vaa kofia ya ukingo mpana. Miwani nunua yenye alama ya UV400; ile ya giza isiyozuia UV huifanya mboni ipanuke na miale iingie kwa wingi. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji. Hakuna matone ya sokoni yanayomyeyusha.

Mwanangu ana ualbino. Losheni inatosha?

Haitoshi, mama, na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko pengine pote. Nguo ndiyo ngao ya kwanza: mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, kofia ya pama inayofunika masikio na shingo. Kepu inaacha masikio wazi, na vidonda vingi huanzia humo. Jaribu kitambaa kwa kukielekeza kwenye mwanga. Ukiona upande wa pili, miale nayo inaona.

Losheni iwe na namba ya SPF, yaani kipimo cha kukinga jua, 30 au zaidi. Apakwe kabla hajatoka, kisha tena kila baada ya saa mbili, kwenye masikio, midomo na nyuma ya shingo. Ipo Kilisun, inayotengenezwa Moshi mahususi kwa wenye ualbino. Ulizia kliniki ya ngozi. Akiwa amepakwa bado akae kivulini. Zungumza na mwalimu: akae mbele karibu na ubao, na michezo ya saa saba mchana asilazimishwe.

Ukiona kidonda, gamba au uvimbe usiopona kwa mwezi mmoja, usingoje ukauke. Nenda hospitali. Saratani ya ngozi ikikutwa ndogo hukatwa ikaisha, na Hospitali ya Bugando ina huduma ya saratani hapahapa mjini.

Na joto lenyewe, linaua kweli?

Linaua, na haliangalii rangi. Mwili hujipoza kwa jasho kukauka. Kando ya ziwa hewa ina unyevu, jasho halikauki upesi. Ongeza mawe makubwa ya mji wetu: yanameza jua mchana kutwa na kulitema usiku, wewe umelala chini ya bati lisilo na dari.

Dalili za mwanzo ni kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma, misuli kukaza, mkojo mchache wa njano iliyokolea. Ingia kivulini, kunywa maji kidogokidogo, na kama umetoka jasho jingi, ORS. Lakini mtu akianza kuongea ovyo, kudegedega au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto. Mvue nguo za juu, mmwagie maji, mpepee, mkimbize hospitali. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Wajawazito wajihadhari zaidi. Joto kali limehusishwa na kujifungua kabla ya wakati. Anayetumia vidonge vya presha vya kukojosha amuulize daktari wake kuhusu siku za joto, asiviache mwenyewe.

Ziwa nalo linahusika?

Sana. Mwaka 2020, na tena 2024, mvua kubwa zilipandisha ziwa hadi kufurika nyumba na vyoo vya ufukweni. Choo kikiingia ziwani, kipindupindu hakiko mbali. Chemsha maji.

Ila kuna maji ambayo kuchemsha hakuyatibu: yale yaliyofunikwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika. Maji yakiwa ya vuguvugu na yamejaa mbolea na uchafu, vimelea wanaofanya utando huo hustawi, na baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini. Moto unaua kimelea, sumu inabaki. Usiyachote, usimwogeshe mtoto humo.

Na kichocho? Viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono kwa wingi katikati ya mchana, saa zilezile za kivuli kifupi.

Fundi alifungua friji yangu kuukuu, gesi ikatoka "fyuuu". Nimedhurika?

Kama madirisha yalikuwa wazi, huna haja ya hofu. Kwenye chumba kilichofungwa gesi nyingi inaweza kusukuma hewa ukakosa pumzi. Madhara yake makubwa yako angani, na ni hapa ozoni na joto hukutana. Friji za zamani za mtumba huweza kuwa na gesi iitwayo R12, mojawapo ya zile CFC, inayokula ozoni. R22 inakula kidogo na kuongeza joto. R134a haigusi ozoni, lakini kilo moja yake inapasha dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya kabonidayoksaidi. Ndiyo maana Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo.

Fundi mzuri ana mashine ya kunyonya gesi na mtungi wa kuihifadhi. Mwulize kabla hajashika bisibisi. Kibandiko cha nyuma kikisomeka R600a, gesi hiyo inawaka: friji itolewe nje, mbali na jiko la mkaa.