Je, wajua kwa nini gari lenye injini kubwa zaidi huachwa nyuma Lubumbashi?

Katika barabara pana za Lubumbashi, hasa usiku msongamano unapopungua, hutokea mashindano ambayo hakuna aliyeyapanga. Magari mawili makubwa husimama sambamba mbele ya taa, tuseme Nissan Patrol yenye injini ya V8, yaani ya silinda nane, na Toyota Land Cruiser 300. Madereva hutazamana, mmoja huteremsha kioo na kuungurumisha injini, na taa inapogeuka kijani kila mmoja hukanyaga mafuta mpaka mwisho. Walio kando ya barabara, wakisikia mngurumo wa Patrol, huamini kwamba ndiyo itakayotangulia. Haichukui muda Land Cruiser, ambayo haikupiga kelele nyingi, ikaanza kujitenga nayo.

Ukisoma maelezo ya kiwanda, matokeo hayo hayaelekei. Patrol ya kizazi kilichotoka mwaka 2010, katika toleo lake moja la V8, ina injini ya lita 5.6 isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuikandamizia injini hewa, na nguvu farasi 400. Land Cruiser 300, iliyotoka mwaka 2021, ina injini ya petroli ya V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili, na nguvu farasi 409. Tofauti ya nguvu farasi tisa, kwa magari yenye uzito wa tani mbili na nusu hivi au zaidi, ni ndogo mno. Ni kweli kwamba Land Cruiser ina gia kumi na Patrol ina saba, na kwamba Patrol ni nzito zaidi kidogo, na mambo hayo yana mchango wake. Lakini iko sababu nyingine ambayo haimo katika karatasi yoyote ya muuzaji, nayo ni mahali penyewe yanaposhindania.

Lubumbashi iko juu. Mji umekaa kwenye uwanda wa Katanga, kati ya mita 1,200 na 1,300 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa kuwa ardhi ya huko ni tambarare, mkazi wake hajioni kama mtu wa milimani, tofauti na ndugu zetu wa Bukavu ambao kila siku hupanda na kushuka. Hewa, hata hivyo, haijali kama umefika juu kwa mlima au kwa uwanda. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, hupungua kwa karibu asilimia 13 ikilinganishwa na pwani, na kila lita ya hewa inayovutwa hubeba oksijeni pungufu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho.

Kwa injini, upungufu huo ni jambo kubwa, kwa sababu nguvu haitoki katika petroli peke yake. Kila pistoni inaposhuka, silinda hujaa hewa. Kompyuta ya gari hupima hewa hiyo na kunyunyiza petroli inayolingana nayo, kwani ikizidi haitaungua sawasawa. Hewa ikipungua, petroli nayo hupunguzwa, na mlipuko unaosukuma pistoni hufifia. Hivyo injini isiyo na turbo, hata iwe kubwa namna gani, hupoteza takriban asilimia 10 hadi 12 ya nguvu zake katika kimo cha Lubumbashi. Ile Patrol iliyoshuka melini bandarini Dar es Salaam ikiwa na nguvu farasi 400 huingia Lubumbashi kupitia mpaka wa Kasumbalesa ikiwa na takriban 355, ingawa hakuna kilichoharibika ndani yake.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu linawagharimu watu fedha. Mtu huchukua gari lake pwani, akilifikisha nyumbani huliona zito, naye humlaumu aliyemuuzia, au esansi, yaani petroli, ya mjini, kisha huanza kubadilisha plagi na vichujio visivyo na kosa lolote.

Turbo hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake mna magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka katika silinda hulizungusha gurudumu la kwanza, nalo huzungusha la pili, ambalo huvuta hewa ya nje na kuikandamiza kabla haijaingia katika injini. Mzunguko huo waweza kupita mara 100,000 kwa dakika. Kompyuta imeamriwa kanieneo fulani ya hewa inayoingia, na kwa hiyo hewa ya nje ikiwa nyepesi, huiacha turbo izunguke kasi zaidi mpaka kiasi hicho kifikiwe. Kikomo kipo, lakini katika mita 1,200 bado kiko mbali, na Land Cruiser hubaki na karibu nguvu zake zote. Zile nguvu farasi tisa za kwenye karatasi zimekuwa hamsini na kitu barabarani.

Jambo hili lilijulikana zamani. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, ya wazo la turbo mwaka 1905, na waliolihitaji mapema zaidi walikuwa watengenezaji wa ndege. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege kwenye kilele cha Pikes Peak, Marekani, chenye kimo cha mita zipatazo 4,300. Injini hiyo, ambayo chini ilitoa nguvu farasi 350, ilishuka huko juu hadi kama 230. Ilipofungwa turbo ilirudi palepale ilipokuwa.

Hata ule mngurumo unaowadanganya watazamaji una maelezo yake. Turbo hula sehemu ya nishati ya moshi, na kwa kufanya hivyo hupunguza mapigo ambayo sikio huyasikia kama sauti. Katika V8 isiyo na turbo mapigo hayo hufika nje yakiwa na nguvu zaidi. Injini hiyo ina sifa nyingine inayostahili heshima: hujibu mara tu mguu unapokanyaga, ilhali turbo husubiri kidogo moshi uwe mwingi. Ndiyo maana katika mita chache za kwanza Patrol yaweza kuchungulia mbele, kisha ikapitwa.

Majira nayo yana neno. Asubuhi ya Julai, kwenye baridi ya kiangazi, hewa hushikamana na magari yote mawili huchangamka. Alasiri ya Oktoba, joto linapopita nyuzi 30, hewa hutanuka na injini zote huumia, ile yenye turbo kwa sababu hewa iliyokandamizwa tayari ni ya moto na kipoza hewa chake hupata kazi ngumu. Anayeendelea hadi Kolwezi, au anayeishi Goma kwenye mita 1,500 hivi, aongeze upungufu mwingine kidogo.

Sipendi mashindano haya katika barabara ambazo akina mama huvuka na vikapu kichwani na pikipiki za abiria hujipenyeza kila upande, na sababu yangu imo katika hewa hiyohiyo. Kimo kimepunguza nguvu ya kukimbia, lakini hakikupunguza uzito hata kilo moja. Gari lililotoka kilomita 50 kwa saa hadi 100 lina nishati mara nne ya kusimamishwa. Tena magari mengi, hasa ya zamani, hutumia kisaidizi cha breki kinachotegemea tofauti kati ya kanieneo ya hewa ya nje na ombwe la injini, yaani nafasi ambayo injini imeinyonya hewa yake: hewa ya nje ikiwa nyepesi, msaada huo hupungua, na mguu hulazimika kusukuma pedali kwa nguvu zaidi. Na katika kilomita 100 kwa saa, sekunde moja ya kuhamisha mguu kutoka mafuta hadi breki ni karibu mita 28 za barabara.