Eti "wamenishusha kwa hakimu": hii stori imenichosha

Wiki hii tena. Mama mmoja kanipigia analia, anamdai mwajiri wake ovataimu kwenye mahakama ya shirikisho hapa Marekani, katumiwa ile fomu ya AO 85 inayouliza kama anaridhia kesi isikilizwe na jaji majistreti (magistrate judge), basi mtoto wa dada yake kamwambia, "Mamdogo usisaini, wanakushusha kwa hakimu." Ni mtu wa ngapi huyu jamani, nimeacha kuhesabu.

Shida ni neno lenyewe. Mtanzania akisikia majistreti kichwa kinakimbilia mahakama ya mwanzo, Mkenya anawaza yule ambaye hata akiwa hakimu mkuu kesi ikizidi milioni 20 za kwao haimhusu. Huku sio hivyo kabisa. Kifungu cha 636(c) cha sheria ya mahakama za shirikisho (28 U.S.C.), kipo tangu 1979, kinasema pande zote zikiridhia, jaji majistreti anasikiliza kesi ya madai mwanzo mwisho, juri (jopo la raia wanaoamua kesi) ikiwepo na isipokuwepo, na anatoa hukumu yeye mwenyewe, na hiyo ni hukumu ya mahakama ileile uliyofungua kesi, kikomo cha pesa hakuna. Anateuliwa na majaji wenzake wa hapo kwa miaka 8, na lazima awe na uwakili wa miaka 5 kwenda juu. Yule mwingine, jaji wa kudumu wa mahakama hiyo (district judge), kateuliwa na Rais, kapitishwa na Seneti, anakaa maisha. Hiyo ndo tofauti, sio kwamba mmoja anajua sheria na mwingine anajifunza! Na cheo chenyewe mwaka 1990 waliongeza "jaji" makusudi, kwa hiyo mkiingia mle ndani mwite jaji, ukimwita majistreti tupu umeshaanza vibaya.

Halafu hakuna anayeuliza swali la maana, kwamba nasikilizwa lini. Jaji wa kudumu ana kesi za jinai, na sheria ya 1974 inataka mshtakiwa aanze kusikilizwa ndani ya siku 70 (kuna siku hazihesabiwi lakini bado saa inagonga), sasa ovataimu yako ya madai ikigongana na kesi ya madawa ya kulevya unadhani nani anasogezwa? Wewe. Jaji majistreti haendeshi kesi za makosa makubwa ya jinai, kwa hiyo akikupa tarehe mara nyingi inasimama. Sisemi kila mtu asaini. Mimi wateja wangu nawaambia tusome kwanza hukumu zake tatu nne za kesi kama yako ndo tuamue, sio kusikiliza maneno ya harusini.

"Nikikataa jaji atanikasirikia." Hatajua. Fomu inaenda kwa karani, na Kanuni ya 73 ya kuendesha kesi za madai za shirikisho inasema majaji wanaambiwa pale tu pande zote zikishakubali. Ila usije ukasimama mahakamani kujitangazia mwenyewe kwamba wewe ulikubali mwenzio kakataa, nimeyaona hayo.

"Nikishindwa naenda kwa yule jaji mkubwa." Huendi. Ule utaratibu wa kuandika pingamizi ndani ya siku 14 ni pale ambapo hamkuridhia na jaji majistreti katoa mapendekezo tu kwa jaji wa kudumu. Ukisharidhia, rufaa inaenda moja kwa moja Mahakama ya Rufani, na ile njia ya zamani ya kupitia kwa jaji wa kudumu ilifutwa 1996. Kwa kawaida una siku 30, au 60 kama serikali ya Marekani ni mhusika. Kuna bwana mmoja alikuja kwangu na pingamizi lake zuri kalichapa kurasa 20, wakati siku za rufaa zinaisha kesho yake.

"Nitabadili mawazo baadaye." Labda uwe na jambo zito lisilo la kawaida. Kushindwa ombi moja sio jambo zito.

Na kukaa kimya nako sio kukataa. Mwaka 2003, kwenye Roell v. Withrow, Mahakama ya Juu ya Marekani (Supreme Court) ilisema mtu aliyejua ana haki ya kukataa halafu akaendelea tu na kesi mbele ya jaji majistreti anaweza kuhesabika kwamba karidhia. Kama hutaki, sema hutaki, mapema.

Yule mama mwishowe kasaini. Sasa tunamsubiri mwajiri, maana yeye asiposaini yote haya hayana kazi, kesi inabaki palepale kwa jaji wa kudumu.