Hatua za kinidhamu kwa daktari aliye kwenye mafunzo ya ubingwa

Daktari aliye kwenye mafunzo ya ubingwa ni mtu aliyekwisha kuhitimu shahada ya udaktari na kusajiliwa, lakini bado anafanya kazi chini ya usimamizi huku akijifunza fani fulani, iwe upasuaji, magonjwa ya watoto au huduma ya usingizi. Kenya huitwa registra, Tanzania wengi humwita rezidenti, na mgonjwa wodini humwita daktari tu, bila kujua kwamba anayemshona jeraha saa nane za usiku bado yuko masomoni. Hatua za kinidhamu dhidi yake ni taratibu zinazofuatwa anapotuhumiwa kukosea: namna tuhuma inavyopokelewa, nani anaichunguza, haki aliyo nayo ya kusikilizwa na kutetewa, adhabu zinazoweza kutolewa, na mahali pa kukata rufaa.

Maelezo hayo yangetosha kama angekuwa mtumishi wa kawaida. Daktari huyu anawajibika kwa mamlaka tatu kwa wakati mmoja: mwajiri anayemlipa mshahara, taasisi ya mafunzo inayoamua kama anasonga mbele, na baraza la kitaaluma lenye rejista ya madaktari. Kila mamlaka ina uwezo ambao nyingine hazina, na kosa moja linaweza kufika mbele ya zote tatu. Katika maelezo yanayofuata nitatumia zaidi mfumo wa England, kwa sababu umeandikwa kwa kina na umejaribiwa mahakamani mara nyingi, kwa hiyo ni rahisi kuona mahali ambapo mamlaka hizo zinashikana na mahali zinapogongana.

Jambo la kwanza kuamuliwa ni aina ya kosa, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote yanayofuata. Tuseme daktari ameandika dozi ya dawa mara kumi ya inayotakiwa. Huenda hakuwahi kufundishwa dawa hiyo vizuri; hilo ni suala la uwezo. Huenda aliijua, lakini hakujali kuangalia faili kwa kuwa alikuwa na haraka ya kwenda kwenye zahanati yake binafsi; hilo ni suala la mwenendo. Huenda pia ana sonona, hajalala vizuri kwa wiki kadhaa na hajamwambia mtu. Hilo ni suala la afya. Kitendo ni kimoja na madhara kwa mgonjwa ni yale yale, lakini njia ya kwanza inaelekea darasani, ya pili kwenye kikao cha nidhamu, na ya tatu kwa daktari wa afya ya watumishi. Anayeandika barua ya kwanza ya tuhuma, mara nyingi kabla uchunguzi haujafanyika, ndiye anayechagua njia, na kumtoa mtu kwenye njia aliyokwisha kuwekwa ni kazi ngumu.

Mwongozo wa kitaifa wa England unaojulikana kwa herufi MHPS, uliokamilishwa mwaka 2005, unalitambua hilo. Unaelekeza kwamba tuhuma za utovu wa maadili dhidi ya daktari aliye kwenye mafunzo zichukuliwe kwanza kama suala la mafunzo, zishughulikiwe kupitia msimamizi wake wa masomo, na mkuu wa mafunzo ya uzamili wa kanda ahusishwe tangu mwanzo. Wapo wanaouona huo kuwa upendeleo. Sikubaliani nao, kwa sababu mtu aliyewekwa mahali ili ajifunze hutarajiwa kuwa na upungufu, na kumwadhibu kwa upungufu huo ni kumwadhibu kwa sababu ile ile iliyomleta. Hata hivyo, neno muhimu katika agizo hilo ni “kwanza”. Hakuna mafunzo yanayomfundisha mtu mzima kutokuja kazini amelewa, kutomnyanyasa muuguzi au kutobuni matokeo ya vipimo. Kuna pia makosa yanayovaa sura ya masomo huku asili yake ikiwa nyingine kabisa: daktari anayeghushi saini ya msimamizi kwenye kumbukumbu zake za mafunzo hajashindwa kujifunza, amedanganya, na udanganyifu ni miongoni mwa makosa ambayo baraza la madaktari huyachukulia kwa uzito mkubwa sana hata pale ambapo hakuna mgonjwa aliyedhurika.

Ikiwa suala limebaki kuwa la nidhamu, mwajiri huteua msimamizi wa shauri na mchunguzi, ambao ni watu wawili tofauti, na mjumbe mmoja wa bodi hupewa jukumu la kuangalia kwamba shauri haliburutwi. Mchunguzi hukusanya ushahidi, hatoi hukumu. Mwongozo unamtaka amalize kazi ndani ya wiki nne, muda ambao kwa uzoefu wa wengi hupitwa sana. Daktari anaweza kusimamishwa kupisha uchunguzi huku akilipwa mshahara kamili, kwa dharura kwa muda usiozidi wiki mbili, na baadaye kwa vipindi visivyozidi wiki nne vinavyopaswa kupitiwa upya kila mara. Mwongozo unasisitiza kwamba kusimamishwa huko ni tahadhari wala si adhabu. Kwa mtumishi wa kawaida maneno hayo yana mantiki. Kwa aliye kwenye mafunzo, miezi mitatu nje ya wodi ni miezi mitatu ya upasuaji asioufanya na tathmini asizozipata, hivyo tahadhari yenyewe inageuka hasara hata kama mwishowe ataonekana hana hatia.

Haki ya kutetewa ilizua kesi muhimu iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2009. Daktari wa mwaka wa kwanza wa mafunzo katika hospitali ya Milton Keynes alikuwa ametuhumiwa kumpima mgonjwa kwa namna isiyostahili, na hospitali ikakataa asiwakilishwe na mwanasheria kwenye kikao cha nidhamu, kwa hoja kwamba kikao cha kazini si mahakama. Mahakama iliamua kwamba, kwa mujibu wa MHPS yenyewe, alikuwa na haki ya kuwakilishwa na mwanasheria aliyewekwa na chama cha utetezi wa madaktari. Jaji alikwenda mbali zaidi akaeleza kwamba kwa daktari asiyemaliza mafunzo, kufukuzwa kunaweza kumaanisha mwisho wa taaluma, kwa kuwa mwajiri mwenye nafasi za mafunzo ni kwa vitendo mmoja tu, yaani Huduma ya Taifa ya Afya. Sehemu hiyo ya pili haikuwa msingi wa uamuzi, na mwaka 2012 mahakama hiyo hiyo ilikataa kuifuata katika kesi ya daktari bingwa. Hata hivyo, hoja imebaki wazi kwa yeyote anayeufahamu mfumo: bingwa aliyefukuzwa anaweza kuomba kazi mahali pengine, lakini mwanafunzi aliyefukuzwa hana cheti cha kwenda nacho.

Mamlaka ya pili, ile ya mafunzo, haina kikao cha nidhamu kwa maana halisi. Ina tathmini ya kila mwaka, inayoitwa ARCP, ambapo jopo hupitia kumbukumbu za daktari na kutoa tokeo lenye namba. Tokeo la 1 ni kuendelea vizuri. La 2 ni kwamba kuna ujuzi fulani wa kukazia bila kuongezewa muda. La 3 ni kuongezewa muda wa mafunzo. La 4 ni kuondolewa kwenye mafunzo. Anayepata la 3 au la 4 anaweza kukata rufaa, kwanza kwa mazungumzo, kisha kwa kikao rasmi. Kwenye karatasi tokeo la 4 si adhabu, lakini ni nadra kumkuta daktari aliyelipata akiliona hivyo. Mpaka uliopo ni kwamba jopo linapima maendeleo na halipaswi kuamua kama mtu ana hatia ya utovu wa nidhamu. Hata hivyo mpaka huo unavuja upande mmoja, kwani daktari aliyefukuzwa na mwajiri kwa utovu wa nidhamu kwa kawaida huhesabiwa kuwa hafai kuendelea na mafunzo, na anayefutwa kwenye rejista hupoteza nafasi yake ya mafunzo moja kwa moja.

Mamlaka hizi mbili hulazimika kuzungumza kwa sababu ya mzunguko wa vituo. Daktari wa mafunzo huhama hospitali kila baada ya miezi minne, sita au kumi na miwili, na tuhuma iliyoanza kituo kimoja inaweza kubaki nyuma ikiwa haijakwisha. Ndiyo maana kila mwaka hutakiwa kujaza tamko linaloeleza matukio na malalamiko yote aliyohusishwa nayo, na mkuu wa mafunzo ndiye anayepeleka pendekezo lake kwa baraza kwamba aendelee kuwa na leseni. Kulificha jambo kwenye tamko hilo huwa kosa jipya, mara nyingi kubwa kuliko lile lililofichwa.

Mgawanyo huu wa mamlaka una hatari yake. Daktari Chris Day, aliyekuwa akifanya kazi katika wodi ya wagonjwa mahututi jijini London, alidai kwamba aliumizwa na taasisi ya mafunzo kwa sababu alieleza wasiwasi kuhusu usalama wa wagonjwa. Taasisi hiyo ilijitetea kwamba haikuwa mwajiri wake, hivyo sheria ya kuwalinda wafichua maovu haikuihusu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliikataa tafsiri hiyo finyu, ikasema kwamba hospitali kuwa mwajiri hakuizuii taasisi ya mafunzo nayo kuhesabiwa mwajiri kwa madhumuni ya sheria hiyo.

Mamlaka ya tatu, baraza la madaktari linaloitwa GMC, halishughuliki na ratiba za kazi wala mitihani ya ndani. Swali lake ni moja: je, uwezo wa mtu huyu kufanya udaktari umeathirika kiasi cha kuhatarisha umma au kuvunja imani yake? Tangu mwaka 2012 mashauri husikilizwa na baraza la uamuzi lililotengwa na upande wa uchunguzi, na linaweza kuweka masharti, kusimamisha usajili hadi miezi kumi na miwili, au kulifuta jina.

Shauri la Hadiza Bawa-Garba linaonyesha uzito wake. Alikuwa registra wa magonjwa ya watoto huko Leicester mwaka 2011 mtoto wa miaka sita alipofariki, siku ambayo wodi zilikuwa na upungufu wa madaktari na mfumo wa kompyuta wa majibu ya vipimo ulikuwa umekwama. Alitiwa hatiani mwaka 2015 kwa kosa la kuua kwa uzembe mkubwa. Baraza la uamuzi lilimsimamisha kwa mwaka mmoja. GMC yenyewe ikakata rufaa na Mahakama Kuu ikamfuta mwezi wa Januari 2018. Mwezi wa Agosti Mahakama ya Rufaa ikaurudisha uamuzi wa awali. Katikati ya hayo, madaktari wengi wa mafunzo walianza kuogopa kuandika tafakuri kuhusu makosa yao kwenye kumbukumbu za mafunzo, wakihofia zitatumika dhidi yao, ingawa kumbukumbu zake za mafunzo hazikuwekwa mbele ya wazee wa baraza wa mahakama iliyomtia hatiani.

Afrika Mashariki mamlaka hizi tatu zipo, ila zimepangwa tofauti. Registra wengi wanaofanya kazi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, si waajiriwa wa hospitali. Baadhi hulipwa na kaunti zao, wengine hujilipia. Mwaka 2018, mgonjwa asiye mhusika alipopasuliwa kichwa kwa makosa hospitalini hapo, uongozi ulimwandikia registra wa upasuaji wa ubongo barua ya kujieleza na kumnyang'anya ruhusa ya kuhudumia wagonjwa. Wenzake waligoma wakimtetea, na muda mfupi baadaye mkurugenzi mkuu mwenyewe akapelekwa likizo ya lazima. Haikuhitajika kuvunja mkataba wowote wa ajira: aliyenyimwa ruhusa ya kuingia wodini ameshasimama masomo, chuo kikiwa bado hakijaketi wala baraza halijafungua faili.