Mafua, rangi mbili na ushauri wa jirani

Piga chafya ndani ya daladala pale Buhongwa, Mwanza. Kabla hujafika mjini umeshatajiwa dawa tatu. Ya tangawizi na limau sina ugomvi nayo. Shida ni ile inayoishia dirishani kwa duka la dawa: "Nipe rangi mbili za mia tano," yaani vile vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili.

"Rangi mbili zinakata mafua." Hazikati. Mafua yanaletwa na virusi, vya aina zaidi ya 200, na antibiotiki huua bakteria tu. Anayeapa zilimponya kwa kawaida alizimeza siku ya nne au ya tano, mafua yenyewe yakiwa njiani kuondoka. Mengi huisha ndani ya siku 7 hadi 10, umeze usimeze. Anachobaki nacho ni bakteria waliokwisha izoea dawa, na vidonge vitatu ndani ya kikaratasi vinavyomsubiri mgonjwa mwingine wa nyumba hiyo.

Makamasi ya kijani nayo si ushahidi wa bakteria. Rangi hiyo inatoka kwenye chembe nyeupe za damu zikiwa kazini.

"Ni upepo wa ziwa." Upepo bila virusi hauambukizi mtu. Wavuvi wanaolala kambini bega kwa bega wanaambukizana wao kwa wao, kwa chafya na mikono.

Kujifukiza, kulikovuma sana mwaka 2020, hakuui virusi. Kunaweza kumpa mtu nafuu ya muda, lakini sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi imeunguza wengi. Mtoto asiingizwe humo. Asali inatuliza kikohozi, ila asilambishwe mtoto aliye chini ya mwaka 1, maana inaweza kubeba vimelea vya sumu inayolegeza misuli.

"Dawa za mafua ni nyepesi, changanya tu." Nyingi tayari zina parasetamo ndani. Ukiongeza Panadol juu yake, unaweza kupita gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500 kwa mtu mzima, na ini ndilo linaloumia. Piriton huleta usingizi. Mwendesha bodaboda asiimeze akiwa kazini.

Linaloniudhi kuliko yote: "Kikohozi hakiishi, mtoto ana kimeo, akakatwe." Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kila mtu anacho. Wembe wa mkataji huleta kutokwa damu nyingi, hata pepopunda, na kikohozi kinabaki palepale. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, au kifua kikibonyea chini anapovuta pumzi, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo: hiyo huenda ni nimonia. Mtu mzima aliyekohoa wiki 2 akapime kifua kikuu, bure kwenye vituo vya serikali. Na homa ikipanda, huku Kanda ya Ziwa kinaanza kipimo cha malaria, siyo jina la mafua.