Elimu kwa umma: Msemaji wa Athens alijibu kwa alichokipendekeza

Kila msimu wa midahalo ya shule unapokaribia, sisi tunaofundisha historia ya Ugiriki ya kale chuoni hupokea maswali kutoka kwa walimu, wanafunzi na wazazi. Mwaka huu yamezidi, na mengi yamekuja kwa sura ya malalamiko: mwanafunzi amesema jambo kuhusu Athens, jaji wa mdahalo amelikataa, alama zimepungua, na sasa pande zote mbili zinataka tuwaamulie. Ieleweke kwamba hatuna mamlaka ya kubadili alama za mtu. Tunaloweza kufanya ni kueleza utaratibu ulivyokuwa, kwa kadiri maandishi na vitu vilivyofukuliwa vinavyoturuhusu.

Dai linaloongoza kwa kurudiwa ni kwamba Athens kila mtu alisimama akasema alichotaka, na mwenye ulimi mtamu ndiye aliyetawala. Nusu ya dai hilo ina ukweli. Nusu ya pili inapotosha, kwa sababu inaacha nje kazi kubwa iliyowashughulisha raia wa mji ule kwa vizazi: kumfanya msemaji ajibu kwa pendekezo lake hata baada ya mkutano kuvunjika na watu kurudi makwao. Sisi husema ulimi hauna mfupa. Wao waliutungia sheria.

Mkutano wa raia ulikaa kwenye kilima cha Pnyx, magharibi ya Acropolis, kilima chenye ngome na mahekalu ya mji. Katika karne ya 4 KK ulikutana mara 40 kwa mwaka. Mpiga mbiu alifungua kwa dua na kwa laana dhidi ya atakayewadanganya wananchi, kisha akauliza: nani anataka kusema? Raia yeyote mwanamume mtu mzima aliweza kupanda jukwaani, awe fundi viatu au mwenye mashamba. Wanawake, watumwa na wageni wakaazi hawakuwa na nafasi hiyo, na tangu sheria ya mwaka 451 KK iliyopendekezwa na Pericles, kiongozi mashuhuri wa mji, raia alikuwa ni yule tu ambaye baba na mama yake wote wawili walikuwa wa Athens. Tunasikitika kila tunapoona maandishi ya wanafunzi yanayosema "watu wote wa Athens walipiga kura". Wengi wa waliokuwa wakiishi pale hawakupiga.

Wala mkutano haukujiendea hovyo. Jambo halikufika Pnyx mpaka limepita kwenye Baraza la watu 500, yaani watu 50 kutoka kila kabila kati ya makabila 10 yaliyopangwa na mwanamageuzi Cleisthenes mwaka 508 KK. Mjumbe alipaswa kuwa na umri wa miaka 30 au zaidi, alitumikia mwaka mmoja, na hakuruhusiwa kukaa barazani zaidi ya mara mbili maishani mwake. Wajumbe hao walipatikana kwa kura, na hapa lugha yetu yenyewe huwakanganya wengi. Kwetu kura ni neno moja kwa mambo mawili. Katika Matendo ya Mitume, wanafunzi walipopiga kura na kura ikamwangukia Mathiya, hapakuwa na kampeni wala mgombea. Ndivyo walivyopatikana wajumbe wa Baraza, waamuzi wa mahakama na karibu maofisa wote: kwa kura ya kuangukiwa. Kura ya kuchagua kwa kunyoosha mikono waliiweka kwa kazi chache zilizohitaji ujuzi, hasa ujemadari. Kwa hiyo Pericles hakuwa rais. Alikuwa mmoja wa majemadari 10, akichaguliwa upya mwaka baada ya mwaka, na mwaka 430 KK raia walewale walimwondoa na kumtoza faini. Tumelieleza hili mara nyingi na tutaendelea kulieleza.

Tuje mahakamani, maana huko ndiko maneno yalikopimwa. Kila mwaka waliandikishwa waamuzi 6,000, raia wenye umri wa miaka 30 na kuendelea, kisha asubuhi ya kesi wakagawanywa kwa kura, ili pasiwepo mtu wa kuwahonga kabla. Kesi ndogo za watu binafsi zilisikilizwa na waamuzi 201, kesi za umma na 501 au zaidi. Hapakuwa na hakimu wa kuwaongoza katika sheria, na hapakuwa na wakili wa kulipwa wa kusimama badala yako. Mwenye kesi alisema mwenyewe. Aliweza kumwomba ndugu au rafiki amsaidie, lakini kumlipa kulikatazwa. Kilichoruhusiwa ni kununua hotuba. Lysias, ambaye ni mmoja wa waandishi bora kabisa wa hotuba hizo, alikuwa mgeni mkaazi, baba yake akitoka Syracuse, mji wa Wagiriki kisiwani Sicily. Maneno yake yalisikika mahakamani miaka na miaka kupitia vinywa vya raia waliokariri alichowaandikia, na yeye mwenyewe Pnyx hakuwa na haki ya kusema neno.

Muda ulipimwa kwa maji. Katika Agora, uwanja wa soko na shughuli za umma, wafukuaji walipata chombo cha udongo kinachofanana na ndoo, chenye kijitundu karibu na kitako na jina la kabila la Antiochis pembeni. Kinabeba lita 6 na kidogo, na maji yake huisha kwa takriban dakika 6. Kesi ilipewa idadi ya vyombo kulingana na uzito wake. Katika kesi za watu binafsi, karani aliposimama kusoma sheria au ushahidi, msimamizi wa maji aliziba tundu, kisha akalizibua msemaji alipoendelea. Demosthenes, msemaji mashuhuri wa karne ya 4 KK, akitaka kumwaibisha mpinzani wake, alimwambia: thibitisha hilo sasa hivi, ndani ya maji yangu. Kwa mtu anayejua dakika zake zinadondoka mbele ya macho ya mahakama nzima, hayo ni maneno mazito.

Baada ya hotuba hapakuwa na kikao cha kushauriana. Kila mwamuzi alipewa vijisahani viwili vya shaba, kila kimoja kikiwa na kijiti kifupi katikati. Kijiti kimoja kilikuwa na tundu, kingine kizima. Chenye tundu ni kura ya mshtaki, kizima ni ya mshtakiwa. Mwamuzi alivishika kwa ncha za vidole, kidole gumba upande huu na cha shahada upande ule, hivyo aliyesimama karibu hakuona kipi kina tundu. Kimoja alikitia katika chungu cha shaba, ambacho ndicho kilichohesabiwa, na kingine katika chungu cha mbao cha kutupia. Vijisahani kadhaa vimepatikana vikiwa na maandishi yanayosema ni kura ya umma. Tunawasihi walimu wawaonyeshe wanafunzi picha zake. Somo zima la kura ya siri limo katika kitu kinachoenea kiganjani.

Sasa lile shtaka ambalo wanaotuandikia karibu wote hawalijui. Raia yeyote aliweza kumshtaki mwenzake kwa kupendekeza azimio lililo kinyume cha sheria, hata kama mkutano mzima ulilipitisha kwa shangwe. Hilo ndilo jambo la kushika: wananchi walipodanganyika, aliyeshtakiwa ni aliyewashauri. Mshtaki alipotangaza kwa kiapo kwamba atafungua shtaka, azimio lilisimama mpaka mahakama iamue. Ndani ya mwaka mmoja tangu pendekezo litolewe, mtoa pendekezo aliwajibika yeye binafsi. Mwaka ukipita, azimio lingeweza kufutwa lakini yeye haadhibiwi. Akitiwa hatiani, mahakama ilimkadiria faini, na faini hizo ziliweza kumfilisi mtu. Akitiwa hatiani mara tatu, alipoteza haki ya kutoa mapendekezo kabisa. Faini ya umma isipolipwa, mdaiwa alinyang'anywa haki za uraia mpaka deni liishe, na akifa kabla ya kulipa, deni liliwaangukia wanawe pamoja na adhabu yake.

Lakini mshtaki naye hakuachwa achezee mahakama. Asipopata walau moja ya tano ya kura, yaani kura 101 kati ya 501, alitozwa drakma 1,000 na kupoteza haki ya kufungua mashtaka ya aina hiyo. Mwishoni mwa karne ya 5 KK fundi stadi alipata takriban drakma moja kwa siku. Msomaji apige hesabu mwenyewe. Anayesema Athens ilikuwa mahali pa kutuhumiana bure hajakutana na kanuni hii, na tungependa aikute kabla ya kuwafundisha wengine.

Kesi ya shtaka hili inayojulikana kuliko zote ni ya taji. Mwaka 336 KK Ctesiphon alipendekeza Demosthenes atunukiwe taji la dhahabu katika ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Dionysus kwa utumishi wake kwa mji. Aeschines, hasimu wa Demosthenes wa miaka mingi, akamshtaki Ctesiphon: kwamba sheria hairuhusu kumvika taji ofisa ambaye hesabu zake hazijakaguliwa, kwamba ukumbi wa michezo si mahali pa kutangazia taji hilo, na kwamba sifa zilizoandikwa ndani ya azimio ni za uongo. Kesi ilisikilizwa mwaka 330 KK. Kwa upande wa sheria, wataalamu wengi wanaona Aeschines alikuwa na hoja nzuri. Demosthenes alisimama kumtetea Ctesiphon, akazipitia zile hoja za sheria kwa haraka, na muda wake mwingi akautumia kueleza alichowashauri raia miaka ile mfalme Philip wa Makedonia alipokuwa akiinyemelea Ugiriki, na kwa nini ushauri ule ulikuwa wa heshima ingawa Athens ilishindwa vitani. Aeschines hakupata hata ile moja ya tano. Aliondoka Athens, na maisha yake yakaendelea ugenini kisiwani Rhodes. Nimeisoma hotuba ile na wanafunzi wangu mwaka baada ya mwaka, na bado kuna mahali sauti hunikwama: pale anapoapa kwa mababu waliopigana na Waajemi huko Marathon kwamba raia hawakukosea kupigania uhuru.

Kuhusu Demosthenes na vijiwe mdomoni, swali hili tunaulizwa mno. Habari kwamba alijizoeza kusema akiwa na vijiwe mdomoni tunaipata kwa Plutarch, mwandishi wa wasifu aliyeishi zaidi ya miaka 400 baada yake. Inawezekana ni kweli. Lakini mwanafunzi anayejua vijiwe tu hajui lolote kuhusu Demosthenes. Alifiwa na baba akiwa mtoto, walezi wakala urithi, na alipofika umri wa miaka 20 hivi akawashtaki mwenyewe. Kusema kwake kulianzia kwenye haja.

Kulikuwa na mlango mwingine pia wa kumzuia msemaji. Sheria iliwafungia jukwaa wanaume waliompiga baba au mama au kukataa kuwatunza, waliokwepa vita au kutupa ngao, waliouza miili yao, na waliotapanya urithi. Hoja yao ilikuwa kwamba aliyeitendea vibaya nyumba yake hatautendea mji vizuri. Timarchus alipoteza haki zake za uraia kwa njia hiyo katika miaka ya 340 KK, tena mshtaki wake akiwa huyuhuyu Aeschines, na ni vigumu kuisoma kesi ile bila kuona siasa nyuma yake, kwa kuwa Timarchus alikuwa amejiandaa kumshtaki Aeschines kwanza. Sheria za uwajibikaji ziliweza kugeuzwa silaha. Vivyo hivyo kura ya vigae, ambapo raia waliandika kwenye kigae jina la wanayetaka aondoke, iliyompeleka mtu uhamishoni miaka 10 bila kumnyang'anya mali yake: katika kisima kimoja kwenye mteremko wa kaskazini wa Acropolis vilikutwa vigae 190 vyenye jina la mwanasiasa Themistocles, na walioviandika, kwa kuangalia miandiko, ni watu 14 tu. Watu walikaa chini, wakaandaa kura za wenzao.

Na kuna siku utaratibu wote ulivunjwa na raia wenyewe. Mwaka 406 KK meli za Athens zilishinda vita karibu na visiwa vya Arginusae, kisha dhoruba ikavuma, na mabaharia waliokuwa wameng'ang'ania mabaki ya meli hawakuokolewa. Majemadari wakaitwa kujibu. Mtu mmoja akajitokeza mbele ya mkutano akasema yeye aliokoka kwa kushikilia pipa la unga, na kwamba waliokuwa wakizama walimwagiza, akinusurika, awaambie wananchi kuwa majemadari hawakuwachukua watu waliopigania nchi yao. Waliomsikiliza ni watu waliofiwa na ndugu.

Raia mmoja, Callixenus, akaleta pendekezo kupitia Baraza: majemadari wote wahukumiwe kwa kura moja, kwa pamoja, bila kila mmoja kusikilizwa kesi yake. Euryptolemus na wenzake wakamtangazia lile shtaka la kupendekeza kinyume cha sheria. Umati ukapiga kelele kwamba ni jambo baya kuwazuia wananchi kufanya watakalo, na mwingine akadai wanaopinga wahukumiwe kwa kura ileile pamoja na majemadari. Wakaliondoa shtaka. Baadhi ya wasimamizi wa mkutano wakakataa kulipigisha kura pendekezo lile. Wakatishwa, wakakubali, isipokuwa mwanafalsafa Socrates, ambaye alisema hatafanya lolote nje ya sheria. Kura zikapigwa. Majemadari sita waliokuwapo wakauawa, mmoja wao mwana wa Pericles.

Haikuchukua muda raia wakajuta. Wakaazimia kwamba waliowadanganya wananchi wafunguliwe mashtaka na watoe wadhamini mpaka kesi zao zisikilizwe, na Callixenus alikuwa miongoni mwao. Alitoroka kabla ya hukumu, wakati wa vurugu mjini. Demokrasia, iliyokuwa imepinduliwa, iliporejeshwa mwaka 403 KK naye akarudi Athens, na mwanahistoria Xenophon anaandika kwamba alichukiwa na watu wote, akafa kwa njaa.