Jiwe la Goma ndani ya kompyuta: sifa za zege zinavyobadilisha hesabu ya usalama wa jengo

Zege la Goma, au beto kama linavyoitwa mtaani, mara nyingi hukorogwa kwa kokoto za mawe ya volkano. Mhandisi anapofungua programu ya hesabu huulizwa mapema: zege hili lina nguvu gani, na ugumu kiasi gani? Programu nyingi huwa zimekwisha kujaza majibu, na majibu hayo yalitungwa kwa kokoto za kwingine.

Tuanze na ugumu, yaani zege linavyokataa kubonyea likibebeshwa mzigo. Kanuni ya Ulaya, Eurocode 2, huchukua kokoto za kwatsaiti, jiwe gumu lililojaa madini ya kwatsi, kuwa msingi. Kwa basalti, jiwe jeusi la volkano, huongeza asilimia 20. Kwa mawe ya chokaa hupunguza 10. Anayeliona jiwe jeusi na kuandika "basalti" amejiongezea asilimia 20 bila kupima. Lava ya Nyiragongo, volkano iliyo karibu na Goma, si basalti ya kawaida: ni nefelinaiti, aina ya jiwe la volkano yenye silika kidogo. Tena mtiririko mmoja hutoa jiwe zito lililoshikana katikati na jiwe lenye matundu juu, na hayo mawili hayatoi zege la aina moja.

Basi tushushe ugumu ili tuwe upande wa usalama? Kwa tetemeko, upande huo haupo. Ukikata ugumu kwa nusu, muda wa jengo kuyumba mara moja huongezeka asilimia 41. Jengo fupi lililo kwenye sehemu tambarare ya mchoro wa tetemeko, ule unaoonyesha nguvu inayolipata jengo kwa kila muda wa kuyumba, litapokea nguvu ileile, lakini kuyumba kwake kutakuwa mara mbili. Jengo refu zaidi, lililo kwenye mteremko wa mchoro, litapunguziwa nguvu kama asilimia 29 huku likiyumba asilimia 41 zaidi. Nguzo inapumua, ukuta unapasuka. Kwa mji uliotikiswa mfululizo baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021, hesabu ifanywe kwa ugumu wa chini na wa juu, zote mbili.

Sasa nguvu. Tuseme nguzo inabeba wastani wa megapaskali 12 (kipimo cha mgandamizo), kwa mtawanyiko wa 2, yaani kadiri namba zinavyoachana na wastani, na zege lake lina nguvu ya wastani wa 28. Mtawanyiko wa zege ukiwa 5, kielezo cha usalama ni tofauti ya wastani, 16, kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 25 + 4 (mitawanyiko miwili ikizidishwa kila mmoja kwa wenyewe). Jibu ni 2.97, yaani uwezekano wa kuvunjika kama 1.5 kati ya 1,000. Acha wastani palepale, panua mtawanyiko hadi 7: kielezo kinashuka hadi 2.20, na hatari inafika 14 kati ya 1,000. Zege halijadhoofika kwa wastani. Limekosa tu kulingana.

Kinacholivuruga ni maji. Mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa lita 25 za maji ni uwiano wa 0.5. Kokoto zenye matundu zikiingia kavu hunywa maji hayo, mchanganyiko unakauka, fundi anaongeza ndoo. Lita 10 tu zikibaki ndani ya saruji, uwiano umekuwa 0.7, na zege limedhoofika. Dawa ni kulowesha kokoto siku moja kabla na kuziacha zichuje.

Kuna uchaguzi mwingine usioonekana kwenye michoro: umbo la mtawanyiko. Hesabu ya 2.20 ilitumia mgawanyo wa kawaida, ule wa kengele, kwa zege na kwa mzigo. Tumia mgawanyo wa logi-kawaida, ambamo logi ya namba ndiyo hufuata kengele, kwa vyote viwili, namba zilezile, kielezo kinapanda hadi 2.80 na hatari inashuka hadi 2.6 kati ya 1,000. Zaidi ya mara tano, na hakuna hata jiwe moja lililosogea! Logi-kawaida ina hoja nzuri, maana zege haliwezi kuwa na nguvu chini ya sifuri. Ila ripoti isiyotaja mgawanyo uliotumika haifai kulinganishwa na nyingine.

Sampuli nazo. Ukipima silinda 3 tu, yaani vipande vya zege vilivyomwagwa kwa ajili ya kupimwa, ukapata wastani wa 28 na mtawanyiko wa 5, Eurocode inakutaka utoe kwenye wastani mtawanyiko mara 3.37, na zege linahesabiwa kuwa la 11. Silinda 10 zenye matokeo hayohayo hutolewa mara 1.92: unabaki na 18. Silinda 7 za ziada ni gharama ndogo kuliko nguzo nene kila ghorofa. Na silinda zisichanganywe na mchemraba: zege la 20 kwenye silinda husoma kama 25 kwenye mchemraba.

Mwisho, kuta za matofali. Wengi huziingiza kama uzito tu. Lakini jengo lenye maduka wazi chini na vyumba vilivyojengewa kuta juu hukaza juu na kulegea chini, na tetemeko huangukia nguzo za dukani. Modeli iendeshwe mara mbili, kuta zikiwa mihimili ya mshazari na kuta zikiwa hazipo, kisha nguzo za chini zipangiwe nondo kwa jibu baya zaidi.